Mgonjwa wa moyo akirudishwa nyumbani, tafuta mtu kabla ya mashine

Mzazi akiruhusiwa hospitali huku moyo bado haujakaa sawa, wengi wetu hapa Moshi tunakimbilia duka la vifaa vya tiba. Mashine ya presha, kibanio cha kupimia oksijeni kidoleni, mzani. Nawasihi: kwanza pata namba ya nesi au daktari atakayekuwa anapokea vipimo vyako, tena mkubaliane kabisa vikifika wapi unampigia, na vikifika wapi unatafuta gari bila kumsubiri mtu.

Marekani, tangu Novemba 2020, bima ya serikali ya wazee inazilipa hospitali zilizoidhinishwa kumtibu mgonjwa kitandani kwake kama aliyelazwa. Vipimo husomwa kwa mbali, lakini sharti mojawapo ni kwamba mgonjwa atembelewe ana kwa ana angalau mara mbili kwa siku. Hata wenye mitambo yote hiyo hawakuiachia mashine kazi ya mtu.

Kwetu Kibosho kazi hiyo tumeifanya wanafamilia, na kifaa kilichotusaidia kuliko vyote ni mzani. Mama anapima kila asubuhi, akishatoka chooni, kabla ya chai, akiwa na khanga ileile. Moyo ukilemewa, maji hujikusanya mwilini, na mara nyingi mzani huyaona kabla miguu haijavimba. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hiyo si shibe. Siku moja uzito ulipanda hivyo, Mama akasema, “Mwanangu, ni mtori wako huo, nimenenepa.” Nikampigia nesi. Hakuuliza habari za chakula. Aliuliza, “Bibi analalia mito mingapi siku hizi?” Ilikuwa imeongezeka, maana akilala bila kuinua kichwa alikuwa anakosa pumzi, dalili nyingine ya maji. Akamuuliza daktari, tukaelekezwa kuongeza dawa ya kukojoza na kumleta kliniki kesho yake. Dawa hiyo usiiongeze kwa akili yako, inaweza kuharibu figo na kuvuruga chumvi za mwili.

Presha inataka utulivu. Akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, na asiongee. Mama yangu anapenda kusimulia habari za majirani wakati mkanda unajaa upepo, na namba zinapanda. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 tayari ni juu, ingawa kliniki wanahesabu kuanzia 140/90.

Kibanio cha oksijeni mimi nakiamini kwa tahadhari. Piko au rangi ya kucha hukipotosha, vidole vya baridi ya Julai pia, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikibadilika rangi, usikae kubishana na kioo cha mashine. Mpeleke.

Usiku ndipo penye kazi, hasa kwa sisi wa mlimani mvua ikinyesha na barabara ikiteleza. Bodaboda haimfai mtu anayehema. Namba ya jirani mwenye gari iandike ukurasa wa kwanza wa daftari la vipimo, chini ya ile ya nesi, na uende ukaongee naye mchana, mkubaliane mapema kuhusu mafuta.