Mwongozo wa Kinorwei kwa Walimu Wanaosoma Kifaransa

SWALI: Mhariri, as-salaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Lamu. Wageni kutoka Norwei walituachia mwongozo wa malezi na ufundishaji wa watoto wadogo, na walimu wenzetu wa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, ambao husomea na kufundishia Kifaransa, wanauhitaji. Tutampata wapi mfasiri, na tutajuaje kwamba kazi anaiweza?
Mwalimu, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Kwanza kitazameni kitabu chenyewe, kwa kuwa Kinorwei kina maandishi rasmi ya aina mbili, Bokmål na Nynorsk, na si kila mfasiri anayamudu yote mawili. Mkiona “jeg” kila mahali, hiyo ni Bokmål. Mkiona “eg”, ni Nynorsk. Mwelezeni hilo tangu barua ya kwanza.

Wafasiri wenyewe wamo katika orodha za vyama vyao kwenye intaneti: Ufaransa kuna Société française des traducteurs, kilichoundwa mwaka 1947, na Norwei kuna Statsautoriserte translatørers forening, chama cha wenye idhini ya serikali. Muhuri wa idhini una kazi yake kwenye vyeti na mikataba. Kwa mwongozo wenu, mtafuteni zaidi mtu aliyelelewa kwa Kifaransa, akajifunza Kinorwei barabara, na aliyewahi kutafsiri maandishi ya elimu.

Sharti hili la mwisho nalisisitiza. Chekechea ya Norwei, barnehage, hupokea watoto tangu umri wa mwaka mmoja hadi waanzapo shule wakiwa na miaka 6, ilhali école maternelle ya Ufaransa kwa kawaida huanzia miaka 3. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo ataandika maternelle bila maelezo, na mwalimu wa Ngazidja atampa mtoto wa miaka mitatu mchezo uliokusudiwa wa mwaka mmoja na nusu. Kwa sababu hiyo hiyo msikubali kazi ipitishwe kwanza kwenye Kiingereza, maana kila kivuko huongeza makosa.

Ombeni ruhusa ya maandishi kwa mchapishaji kabla ya kulipa chochote. Kisha mlipeni mfasiri atafsiri kurasa chache za majaribio, mzipeleke Ngazidja, na walimu wenzenu wawaambie kama wangeweza kuingia nazo darasani kesho yake. Bajeti ikibana, tafsirini sura chache, lakini fedha za mhakiki wa pili, anayelinganisha tafsiri na asili yake mstari kwa mstari, msiziguse.