Alionekana kwa Kutoonekana

Msomaji anauliza: neno la Kiingereza "conspicuous" lina maana gani, limetoka wapi, na je, ni sahihi kuandika kwamba fulani "alionekana kwa kutoonekana kwake"?

Asili tuimalize upesi. Ni Kilatini, conspicuus, lenye mzizi wa kutazama. Waingereza walilipokea karne ya 16. Inspekta naye ni wa ukoo huohuo. Lakini maana yake si kuonekana tu. Ukuta mweupe unaonekana. Doa la wino juu yake ndilo "conspicuous", kwa kuwa linavuta hata macho ya asiyelitafuta. Neno "wazi" halifikii hapo, maana hata kiti kisicho na mtu ni wazi. Sema "linalojitokeza", au "linalovuta macho".

Sasa tuje kwenye balaa lenyewe. "Mwenyekiti alionekana kwa kutoonekana kwake." Alionekana na nani? Kama alionekana, basi alifika, na posho yake ni halali. Kama hakuonekana, huyo aliyeonekana ni nani, mzimu wake? Mwandishi kafasiri Kiingereza, "conspicuous by his absence", neno kwa neno, kisha akajipongeza kwa ufasaha.

Na hao Waingereza waliuazima msemo huo. Lord John Russell, mwanasiasa wa Uingereza, aliutumia mwaka 1859, akakiri kwamba si wake bali wa mwanahistoria mkubwa wa kale. Ni Tacitus, aliyesimulia mazishi ya Junia, mjane wa Cassius na dada yake Brutus, huko Roma mwaka 22 baada ya Kristo. Zilipitishwa sanamu za koo 20 mashuhuri. Za Brutus na Cassius, waliomuua mtawala Julius Caesar, hazikuwepo, na kwa kukosekana huko wawili hao waling'aa kuliko wote. Hapo msemo una uzito: waliokosekana ndio hasa waliotazamiwa. Leo anapachikwa nao hata mjumbe ambaye hakualikwa!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili hakikuwa na njaa ya msemo huu. Tunasema "pengo lake lilionekana", na kila mtu anaelewa. Pengo huonekana kweli, tena halionekani bila meno ya kando.

Sitamfunga mtu mdomo. Anayeona utamu katika kuonekana kwa kutoonekana, akautumie kwenye hotuba, watu wacheke. Kwenye muhtasari wa kikao aandike tu: "Hakuhudhuria, bila udhuru."