Neno Nililolitupa Nikikunja Nguo

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeninyima usingizi. Mmeuliza: "Mtoto aanze kuelezwa habari za vita, ubaguzi na dhuluma akiwa na umri gani?" Kabla sijafika mwisho wa swali nilikuwa nimeshajibu moyoni: mapema, mapema kabisa, tena bila kumficha chochote. Siku tatu nimetembea na jibu hilo. Sasa nimeketi kuliandika, na naona linalonikera si swali lenu hasa. Ninyi mnauliza lini tuwaambie. Mimi nataka tuulizane wameshasikia nini vinywani mwetu kabla hatujakaa kuwaambia.

Wengi wetu tumelelewa na sentensi moja: "Hayo ni mambo ya wakubwa." Uliza kwa nini watu wale wanakimbia na magodoro kichwani, ni mambo ya wakubwa. Uliza kwa nini familia ya fulani haisalimiwi, ni mambo ya wakubwa, nenda kacheze. Tukaenda kucheza, lakini masikio tuliyaacha sebuleni. Mimi niliapa kwamba nikipata watoto sitawafukuza hivyo, na sikuwafukuza. Nina wawili, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9. Televisheni ikiwashwa, wote wapo. Nilijivunia hilo.

Sasa nisimulie kilichotokea miaka miwili iliyopita, binti akiwa na miaka 7.

Ilikuwa jioni, taarifa ya habari inasomwa. Picha zilikuwa za watu waliovuka mpaka kukimbia mapigano: wanawake na ndoo, watoto wamelala chini ya turubai, mzee mmoja ameketi juu ya begi lake kama anayehofia litachukuliwa. Shemeji yangu, aliyekuja kutujulia hali, akasema, "Hawa nao hawaishi kupigana." Mimi nilikuwa nakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Wala sikuinua macho. Nikasema, "Ndiyo zao." Nikachukua shati jingine.

Sitawataja watu wale ni wa wapi. Kila msomaji ana watu wake ambao akiwataja huvuta mdomo pembeni, awaweke hao.

Binti yangu alikuwa sakafuni anachora. Hakusema neno.

Wiki tatu baadaye mwalimu wake akaniita. Nilifika watoto wameshatoka, madawati yamepangwa, binti yangu ameketi peke yake nyuma na begi mgongoni, hajalivua. Mwalimu akanieleza kwa sauti ya chini. Darasani alikuwa ameingia msichana mgeni, ambaye familia yake ilihama kutoka kulekule kwenye picha zile. Asubuhi hiyo penseli ya rangi ilipotea. Haikuwa hata ya binti yangu, ilikuwa ya mtoto mwingine. Wakati wengine wanainama kuitafuta, binti yangu alimgeukia yule mgeni, wenzake wakisikia, akamwambia, "Ndiyo zenu."

Penseli ilionekana kabla ya mapumziko. Ilikuwa imebingirika chini ya kabati. Lakini yule msichana hakutoka nje kucheza siku ile.

Mwalimu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mama, neno hilo mnalitumia nyumbani?" Nikamjibu hapana. Nilijibu upesi, na nikaamini nilichokisema kwa kama dakika moja. Kisha nikakumbuka jinsi mwalimu alivyoliigiza lile neno. Alilitamka kama binti yangu alivyolitamka, na binti yangu alilitamka kama mimi: fupi, limekatwa mwishoni, halingoji mtu ajibu. Mtoto hakuokota neno tupu. Aliokota na matumizi yake. Alikuwa amejifunza kwamba pakitajwa mtu wa kule, hakuna haja ya kuuliza nini kimetokea.

Njiani nikamwambia yale tunayoyasema sote. Watu wote ni sawa. Hatuangalii mtu katoka wapi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mama, kwani wale wa kwenye televisheni walikukosea nini?"

Nikamwambia, "Sikusema kitu juu yao."

Akanitazama. Hakubisha, hakunikumbusha zile nguo wala shemeji. Akaendelea kutembea akikanyaga kivuli chake, na mimi nikajua kwamba mtoto wa miaka 7 ameamua kunisitiri. Nimeshafanya makosa mengi katika ulezi. Hilo ndilo linalonirudia usiku.

Siku nne nilikaa na uongo ule. Siku ya tano nilikuwa namsuka, na kumsuka mtoto kuna faida hii, kwamba hamtazamani usoni. Nikamwambia, "Ulisikia sawasawa. Nilisema ndiyo zao. Nilikosea. Watu wale siwajui, hata mmoja." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Sasa kwa nini wanapigana?"

Sikujua. Mtu mzima, nafuata habari karibu kila jioni, na vita nilivyovitolea hukumu huku nakunja shati sikuweza kuvieleza kwa mtoto kwa sentensi tatu. Nilimwambia nitatafuta. Ilinichukua jioni mbili kusoma. Nikarudi kwake na ramani, tukaweka vidole mpakani. Nikamweleza kwamba wapo wanaopigana, na wapo wengi zaidi wanaokimbia ili wasipigane, na mwenzake wa darasani yumo katika hao wa pili. Akataka kujua kama naye alikuja na ndoo. Nikamwambia hilo simjibii mimi, wala asiende kumuuliza. Yule akitaka atasema mwenyewe.

Alimchorea picha, akampelekea na samahani. Yule msichana aliipokea, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya begi, akaenda kukaa dawati lingine. Muhula mzima wakakaa hivyo. Binti yangu aliumia, akanitaka niende kwa mama wa yule mtoto nikamwombee urafiki. Nilikataa. Aliyeumizwa ana haki ya kukaa mbali, na hilo nalo ni somo la haki, pengine gumu kuliko la ramani. Sijui kama nililieleza vizuri. Alilia.

Ndiyo maana nikaanza kusoma juu ya mambo haya, na nataka kuwaambia wazazi wenzangu machache. Ile faraja kwamba "watoto hawaoni tofauti" haina msingi. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wachanga: waliotoka kuzaliwa hawakuonyesha kupendelea sura za watu wa rangi yoyote, lakini waliofikisha miezi 3 walikaza macho zaidi kwenye sura za rangi wanayoizoea kwao. Mwaka uliofuata uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba watoto wa Waethiopia waliokuwa wakilelewa Israel, wanaoona sura nyeusi na nyeupe kila siku, hawakuwa na mwelekeo huo. Kukaza macho si kubagua, nakubali. Lakini tofauti wanaiona mapema mno, na sisi tukinyamaza wataipa maana wenyewe, au watachukua maana iliyodondoka kutoka kwenye kikapu cha nguo.

Halafu yupo Ruby Bridges. Novemba 14, 1960, akiwa na miaka 6, alisindikizwa na maofisa wa usalama wa serikali kuu ya Marekani kuingia shule ya msingi ya William Frantz mjini New Orleans, mtoto wa kwanza mweusi katika shule hiyo ya weupe. Wazazi waliwaondoa watoto wao. Mwalimu mmoja tu, Barbara Henry, alikubali kumfundisha, na mwaka ule walikaa darasani wawili, yeye na Ruby. Ruby mwenyewe amesimulia kwamba alipouona umati unapiga kelele nje alidhani ni sherehe za Mardi Gras, kanivali ya mitaani ya kila mwaka katika mji huo. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Amesimulia pia siku alipokutana hatimaye na watoto wengine, na mvulana mmoja akamwambia hawezi kucheza naye kwa sababu mama yake amemkataza, kwa ajili ya rangi yake. Hapo ndipo alipoelewa zile kelele zilikuwa za nini.

Nisomapo hapo nasimama kila mara. Umati mzima haukumwelewesha, akaeleweshwa na neno la mama mmoja lililobebwa na mwanawe. Mama yule hata hakuwepo.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na hukumu tayari. Mtoto anayedhulumiwa haulizwi kama umri wake umefika. Basi na mtoto wa upande wa pili asifichwe. Semeni mapema, onyesheni yote. Jana jioni nilimsomea kijana wangu nilipofikia, nikitegemea angenipongeza. Akaniambia, "Mama, kuambiwa ni sawa. Lakini wewe ulikuwa huniambii. Ulikuwa unaniwashia televisheni tu."

Akanieleza nisilolijua. Alipokuwa na miaka 8 au 9 aliona picha za bomu lililolipuka sokoni, nchi ya mbali. Zilirudiwa jioni ile, zikarudiwa kesho yake, na yeye alidhani kila zinaporudiwa ni bomu jingine. Alihesabu mabomu sita. Alikuwa akilala na viatu pembeni ya mto ili tukikimbia asichelewe. Nakumbuka vile viatu. Nilimgombeza kwa uchafu.

Ilinibidi niweke kalamu chini. Kuna uchunguzi niliokuwa nimeupita haraka kwa sababu haukunisaidia hoja yangu. Baada ya bomu lililolipuka mjini Oklahoma City, Marekani, Aprili 19, 1995, wanafunzi wa mji ule walichunguzwa wiki saba baadaye, na hata miongoni mwa wale ambao hawakusikia mlipuko wala hawakufiwa, waliotazama zaidi habari zake kwenye televisheni ndio waliokuwa na dalili zaidi za mshtuko. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nilitaka kuwatupia wale wanaofukuza watoto sebuleni, kifungu chake cha 17 kinasema mambo mawili pamoja: mtoto apate habari, na alindwe na zile zinazodhuru ustawi wake. Mimi nilikuwa nasoma nusu.

Basi jibu langu si lile nililoamka nalo. Nyumbani kwangu, kuanzia jana, taarifa ya habari haitawashwa mbele ya binti wa miaka 9. Ndiyo, mimi niliyesema msiwafiche. Nitaisikiliza peke yangu kwanza, kisha nitamweleza kwa maneno, kwa sababu neno naweza kulipima na yeye anaweza kulikatiza kwa swali, picha haimngoji. Nitamweleza nani ameumizwa, nani ameumiza kama inajulikana, na kipi sikijui. Kaka yake ataendelea kutazama, ila tutatazama wote, na zikirudiwa picha nitamwambia kwamba ni zilezile.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuna nyumba ambamo dhuluma haiji kwa televisheni, inagonga mlango. Mzazi wa yule msichana wa darasani hana kitufe cha kuzima, na siwezi kumpa ushauri. Ningependa kuusikia wake. Wapo pia wenye mtoto wa miaka 6 aliyekomaa kuliko wangu wa 9. Na naona hatari ndani ya uamuzi wangu mwenyewe: kuzima televisheni kunaweza kugeuka kuwa "mambo ya wakubwa" kwa njia ya adabu zaidi, nikizima halafu nisieleze. Nikichoka, nitafanya hivyo. Wengi tutafanya hivyo. Mkinibana nitaje umri, nitasema siku anayouliza, au siku anayorudia neno lako, yoyote itakayotangulia. Kwangu ilitangulia ya pili.

Na hata haya yote hayagusi mahali neno lilipoanzia. Halikuanzia kwenye televisheni. Mtangazaji jioni ile alisoma habari yake vizuri, kwa heshima, akataja idadi ya waliovuka na wanachohitaji. Sisi tuliokuwa kwenye viti ndio tulioiongezea.

Shemeji bado hutujia. Ni mtu mwema, watoto wanampenda, amewahi kutusaidia katika shida ambayo ndugu wa damu walituangusha. Sijawahi kumwambia kuhusu penseli. Kila akija husema tena lile lake la kutoishi kupigana, juu ya watu wale au wengine, na mimi huenda jikoni. Binti yangu ameniuliza mara mbili kama nimeshaongea naye. Nimemjibu bado.