Stempu ya nyuma ndiyo ya kuanzia

Ndugu, umeuliza kadi yako ya picha ya mwanamke aliyesimama kando ya kiti, yenye jina la studio ya Philadelphia na stempu ya senti 2 nyuma, ni ya mwaka gani. Una bahati, maana stempu hiyo inakufanyia nusu ya kazi. Marekani ilitoza kodi ya picha, ikilipwa kwa stempu kama hiyo, kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake. Senti 2 ilimaanisha picha iliuzwa kwa senti 25 au chini yake. Mpiga picha alitakiwa kuifuta stempu kwa wino, yaani kuitia alama isitumike tena, kwa hiyo itazame kwa kioo cha kukuza: wengine waliandika tarehe kamili.

Pima pia kadi yenyewe. Ikiwa ni kama sentimita 6 kwa 10, ni ile saizi ambayo mpiga picha Mfaransa Disdéri aliisajili Paris mwaka 1854. Ikikaribia 11 kwa 16, hiyo ni aina kubwa iliyoenea baada ya 1866, na hapo stempu ingenitia shaka. Kadibodi nyembamba yenye pembe kali inaafikiana na miaka ya 1860. Pembe za mviringo huja baadaye. Ila wenye albamu walikuwa wakikata pembe ili kadi iingie, basi usihukumu kwa pembe peke yake.

Gauni nalo usiliamini sana. Bibi mzee angeweza kuvaa la miaka kumi nyuma.

Na tafadhali, stempu usiibandue!