Kabla ya kuuliza bei, uliza picha imechorwa na nani

Picha ya kwanza niliyoinunua kwa fedha yangu mwenyewe ina ndege wawili, mmoja amegeuza shingo kutazama nyuma, na chini yao maji ya rangi ya chungwa. Niliipata Morogoro Stores, Oysterbay, jijini Dar es Salaam, pale wanapokaa wachoraji wa Tingatinga. Nilibishania bei karibu nusu saa, nikapunguziwa, nikaondoka nimefurahi. Jina la aliyeichora sikuuliza. Fundi wa fremu akaikaza kwenye mbao pana, ikapendeza, nikaitundika sebuleni. Ikakaa miaka saba.

Siku moja binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, alisimama mbele yake akaniuliza, "Mama, hii kachora nani?" Nikamwambia, "Tingatinga." Akashangaa: "Si lile linalosukuma udongo barabarani?"

Swali hilo lilinikaa moyoni. Nikaanza kuulizia, na nikagundua kwamba watu wengi wazima wanaonizunguka nao hawajui kama Tingatinga alikuwa mtu. Alikuwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968, juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akafa kwa risasi za polisi waliodhani gari alilokuwamo ni la wezi. Yaani alichora miaka minne tu. Wanafunzi wake, kina January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata, ndio walioendeleza kazi, na leo picha za mtindo wake zimejaa kuanzia viwanja vya ndege hadi vibanda vya Zanzibar.

Ukipata nafasi ya kuona picha zake mwenyewe, hata kwenye kitabu, ziweke kando ya hizi za sasa. Za sasa mara nyingi zimejaa: twiga, pundamilia, mlima, mbuyu, jua linazama. Yeye alimweka mnyama mmoja katikati, mwili umejaa madoa, nyuma yake rangi moja tupu. Chui wake anakukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyeingia kwake. Baada ya kuona hivyo ndipo nilipoanza kuelewa ni mchoraji gani wa leo anafikiri na ni yupi anarudia tu kinachouzika. Nami siwalaumu wanaorudia, maana watoto wanataka ada. Lakini jicho likishajifunza kutofautisha, huwezi tena kusema "zote ni zile zile."

Ushauri wangu wa kwanza basi ni mdogo sana: kaa na picha moja. Mgeni akiingia kwenye maonyesho huzunguka ukuta mzima kwa dakika tano na kutoka hana alichokumbuka. Chagua moja, isimamie dakika kumi. Dakika mbili za kwanza utaona kilichochorwa. Baadaye utaanza kuona mkono: wapi brashi ilibonyezwa, wapi rangi ilitiwa kabla ya ile ya chini kukauka, wapi mchoraji alibadili mawazo.

Nilifanya hivyo kwa picha ambayo nilidhani naijua, ile ya usiku wenye nyota ya Vincent van Gogh. Nilikuwa nimeiona kwenye vikombe, kalenda, hata mapazia. Nilipoitazama kwa utulivu, kwenye kitabu kikubwa cha rafiki yangu, ndipo nikaona kwamba kijiji kile kimelala kabisa ilhali mbingu haitulii hata kidogo. Aliichora Juni 1889 akiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, Ufaransa. Mbingu aliiona dirishani alfajiri, lakini kijiji hakikuonekana kutoka pale; alikitia mwenyewe, pamoja na mnara mwembamba wa kanisa unaofanana na ya kwao Uholanzi. Mimi niliyewahi kulala wodini wiki tatu nikisikiliza mji kwa mbali, jambo hilo lilinigusa sana. Mtu amefungiwa, anajichorea watu wa kulala karibu naye.

Sasa, makumbusho hiyo hiyo ya New York yenye picha ile, ile inayoitwa MoMA, ina picha nyingine ya usiku, na sijawahi kuiona kwenye kikombe chochote. Ni ya Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Aliichora mwaka 1956: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Ntiro alisoma na kufundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Kazi zake ni watu wadogo wadogo wakishirikiana shughuli za kijiji, wametandazwa kwenye mandhari ya mlimani.

Hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili mna utajiri ambao wengi hamuujui. Mtalii wa New York akiitazama picha hiyo anaona wanaume wamebeba vyombo. Mchaga anaona mbege, na anajua mbege haipelekwi ukweni ovyo ovyo. Anajua ndizi zilipikwa lini, nani alitwanga ulezi, na kwamba wanaotembea gizani hawabebi kinywaji tu, wamebeba neno la ukoo. Jirani yangu wa Moshi nilimwonyesha picha hiyo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunihadithia harusi ya shangazi yake. Kwa hiyo ukisikia kwamba sanaa ni ya waliosoma, usikubali. Anza na unachokijua.

Halafu tafuta maneno ya mchoraji mwenyewe. Picha nyingi hazijakamilika mpaka zihadithiwe. Huko Lubumbashi, Kongo, miaka ya 1970, watu wa kawaida walitundika nyumbani picha zilizochorwa juu ya magunia ya unga: mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, au askari wa enzi za Wabelgiji akisimamia mfungwa anayechapwa. Picha kama hiyo ya mateso waliiita ukumbusho. Napenda mno neno hilo. Picha ipo ukutani ili mgeni akiuliza, mwenye nyumba apate kusimulia.

Mchoraji mmoja wa huko, Tshibumba Kanda-Matulu, alichora historia ya nchi yake yote, picha zipatazo mia moja, Lumumba akiwamo. Mwaka 1973 na 1974 alikaa na Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale, wakazizungumzia picha hizo kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikiwa wazi. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Tangu mwaka 1981 hakusikika tena. Picha zake ziko mbali, Amsterdam, lakini maneno yake yalihifadhiwa, na ni maneno ya lugha yetu.

Baada ya kusoma habari zake niliishusha picha yangu ya ndege. Nilichukua bisibisi, nikang'oa misumari midogo ya nyuma, nikaitoa kwenye fremu. Kona ya chini kulia, pale mbao pana ilipokuwa imefunika, palikuwa na jina kwa rangi nyeupe, na mwaka. Limekuwa pale siku zote. Kama unapeleka picha kwa fundi, tafadhali mwambie asifunike kona.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Morogoro Stores na picha ikiwa kwenye kanga. Nilimkuta mzee ameinama juu ya ubao, makopo ya rangi yamemzunguka, anatia madoa kwa ncha ya brashi, doa baada ya doa, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikafunua kanga. Hakuhitaji kusoma jina. Aliigusa shingo ya yule ndege aliyegeuka akasema, "Hii yangu." Kisha akateremsha kidole hadi kwenye miguu: "Hapa alichora mdogo wangu, alikuwa anajifunza." Nikatazama, na kweli, mistari ya miguu inatetemeka kuliko mingine. Miaka saba sikuwahi kuiona.

Nilimwuliza kwa nini maji ni ya chungwa. Akasema kwao mtoni, jua likishuka, ndivyo yalivyo, nami nikifika nitaona. Halafu akaisogeza mwangani, akaichunguza upande wa kushoto ambako rangi imepauka.

"Umeitundika wapi?"

"Sebuleni, karibu na dirisha."

"Jua la mchana linaifikia?"

"Linaifikia."

"Ihamishe."

Siku hiyo hiyo jioni nilipigilia msumari ukuta wa upande wa pili.