Jina Alilonikabidhi

Wiki hii mmetuuliza: ni mgeni gani aliyewahi kulala kwenu utotoni ambaye humsahau mpaka leo? Wangu aliingia kwetu Morogoro masika ya mwaka 1979, amejifunika blanketi mchana kweupe na anatetemeka.

Mama alikuwa muuguzi. Alirudi kutoka zamu amemshika mkono kijana mrefu, akatuambia, "Huyu ni kaka yenu, anaumwa malaria. Msalimieni." Tukamwamkia shikamoo. Akatutazama tu, marahaba hakuijua.

Alitoka Mazimbu, shamba la mkonge nje kidogo ya mji ambalo Serikali ililitoa mwaka 1977 kwa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wajenge shule ya vijana wao. Wengi walikuwa wamekimbia Afrika Kusini baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976. Shule ndiyo kwanza ilikuwa inajengwa. Kijana wetu, miaka yake kama kumi na tisa, alizaliwa mahali pasipo malaria, kwa hiyo homa ilimwangusha vibaya. Mama alimwona wodini hana ndugu wa kumletea hata uji. Hakushauriana na mtu, alimleta nyumbani.

Usiku wa tatu alipata nguvu ya kukaa mkekani. Ugali ulipowekwa, uso wake ukafunguka, akasema, "Papa!" Mdogo wangu akatimua mbio jikoni: "Mama, mgeni anataka papa!" Na Morogoro papa angetoka wapi, bahari iko mbali? Kumbe kwa Kisotho ugali ndio huitwa hivyo. Basi tukawa hatumwachi apumzike, kila kitu tunampelekea akitaje. Nyama ni nama. Mtu ni motho. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kudhani kwamba watu wa mbali kiasi kile wana maneno yaliyochumwa shamba moja na yetu.

Klorokwini, dawa ya malaria ya siku zile, ilimwasha mwili mzima. Usiku tulimsikia akijikuna, kisha tukasikia ndala za Mama zikitoka kwenda kumkanda kwa maji. Vita vya Kagera vilikuwa vinaendelea na sukari kwetu ilikuwa ya kuhesabu. Mama aliificha kwenye kopo juu ya kabati. Uji wa mgeni ulitiwa sukari, wetu tulikunywa hivyo hivyo. Nilimwonea kijicho, nakiri.

Ila Mama alituwekea sharti moja: tusimuulize jina. Vijana wale walitumia majina ya kujificha, na wakubwa hawakuwa wamesahau kwamba Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam mwaka 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. Maadui walikuwa na mikono mirefu. Kwa hiyo kwetu aliitwa Kaka, basi.

Mimi nilimuuliza. Tulikuwa wawili bombani tunakinga maji. Alinitazama muda, akalitaja jina lake la nyumbani, lile alilopewa na mama yake. Nikakimbia kumwambia Mama, naona fahari. Akafunga mlango, akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Umelisikia wewe, nimelisikia mimi. Sasa limeze."

Mapema Aprili habari zikafika kwamba Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wa ANC, kijana wa miaka 22, amenyongwa Pretoria. Kaka hakula siku ile. Mama hakumbembeleza ale wala hakumpa pole za maneno mengi. Alichukua kigoda akakaa nje ya mlango wake, giza likaingia yupo pale pale. Usiku tukasikia Kaka anaimba taratibu. Maneno hatukuyaelewa, lakini sauti ilikuwa ileile ya wimbo wetu wa taifa. Shuleni tulifundishwa kwamba wimbo huo ukipigwa unasimama wima. Nikatoka kitandani, nikasimama gizani mpaka alipomaliza.

Aliondoka mvua zilipopungua. Mama alimpa blanketi na lile kopo, na sukari yote iliyobaki ndani. Alirudi kutusalimu mara mbili, mara ya pili akiitikia marahaba kama Mluguru, kisha hatukumwona tena. Shule yao ikapewa jina la Mahlangu, na mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mwaka jana binti yangu alinibana nimpe lile jina alitafute kwenye intaneti, pengine yu hai, pengine ana wajukuu. Nilitamani sana. Nikampigia Mama kumwomba ruhusa. Alinyamaza, kisha akauliza, "Yeye mwenyewe alikwambia ulitoe?"

"Hapana, Mama."

"Haya. Watoto hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo.