Programu ya kuandalia mchezo wa wahusika: chukua Obsidian

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza programu ya kuandalia vikao vya mchezo wa kuigiza wahusika mezani, nawe una laptopu ya zamani na bando la kuhesabu. Chukua Obsidian. Ni ya bure, na unachoandika kinabaki kwenye mashine yako kama faili za maandishi tu, hivyo mtandao ukipotea unaendelea na kazi. Uzuri wake ni viungo (link) kati ya kurasa: andika jina la mhusika, mfano [[Mganga wa Sipi]], bofya, na mganga huyo anapata ukurasa wake, kisha utaona kila kikao alichotajwa. Kampeni yangu, yaani hadithi tunayoicheza kikao baada ya kikao, inazunguka Ziwa Nalubaale (Viktoria), ina wavuvi na wachuuzi zaidi ya 40. Bila viungo hivyo ningesahau nani anamdai nani!

Programu za Foundry na Roll20 zina ramani na kete za kuchezea mkiwa mbalimbali. Nyinyi mnakutana meza moja, ziacheni kwanza.

Nakuomba sana, kila baada ya kikao nakili folda nzima kwenye flashi. Umeme ulipokatika diski yangu ikafa na miezi miwili ya maandishi. Halafu usiandike ulimwengu mzima kabla ya kuanza: kijiji kimoja, watu 5, na tatizo linalowagusa wote, basi waite wachezaji.